Maisha ya Bwana Paul Harris, Mwanzilishi wa Vyama vya Rotary

Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha, na baada ya habari za wanachama waliooa, waliojaliwa watoto, waliohamishwa kazi na waliotutangulia mbele ya haki, ziwekwe kurasa chache za maisha ya mtu mmoja aliyewatumikia wenzake. Safari hii Halmashauri imemchagua Bwana Paul Percy Harris wa mji wa Chicago, Marekani, aliyefariki mwaka 1947.

Sababu ya kumchagua yeye si ngumu kuieleza. Wanachama waliohudhuria mkutano mkuu watakumbuka mabishano marefu juu ya akiba iliyobaki katika sanduku letu. Wengine walisema kwamba fedha iliyotolewa na wanachama yapasa kuwafaa wanachama tu, katika ugonjwa, katika ada za shule na katika mazishi. Wengine walisema kwamba chama kinachokaa katikati ya watu hakiwezi kufumba macho wakati jirani asiye mwanachama anapotaabika. Mabishano hayo yalizuka pia katika chama cha Bwana Harris, tena wakati kilipokuwa kichanga na kidogo kuliko chetu. Basi yafaa tusome jinsi yalivyoamuliwa, na matokeo yake.

UTOTO WAKE

Paul Harris alizaliwa tarehe 19 Aprili, 1868, katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin. Baba yake, George Harris, alikuwa na duka la dawa, lakini hakuwa na bahati katika biashara, wala hakuwa mwangalifu sana katika matumizi. Duka likaanguka. Mwaka 1871, Paul alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu, baba yake alimchukua yeye na kaka yake, akawapeleka mbali, upande wa mashariki, katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, wakalelewe na babu na bibi yao. Wazazi walijaribu mara kadha kuirudisha familia pamoja, lakini kila mara mambo yaliharibika, na Paul akabaki kwa wazee.

Wazee hao, Howard na Pamela Harris, ndio waliomfanya kuwa mtu. Babu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kazi nyingi na matumizi ya kadiri. Hakukopa, hakupoteza kitu, na hakumsema jirani kwa ubaya. Bibi alikuwa mwenye umbo dogo na moyo mkubwa. Katika kijiji kile kila mtu alimjua mwenziwe kwa jina lake. Mwenye duka, fundi viatu, mchungaji wa kanisa na mkulima walisimama njiani wakajuliana hali. Mgonjwa alipolala, chakula kilifika mlangoni pake kabla hajaomba. Paul hakuyasahau mambo hayo hata alipokuwa mzee, na kila alichokianzisha baadaye chaonyesha alama ya kijiji kile.

Lakini tusimfanye malaika. Paul alikuwa mtoto mtundu sana. Alipenda kutoroka usiku, kupanda milima, na kuwafanyia watu mizaha ambayo si wote waliocheka. Shule moja ya bweni ilimwondoa kwa ajili ya utundu wake.

MASOMO NA KUFUKUZWA

Mwaka 1885 aliingia Chuo Kikuu cha Vermont, katika mji wa Burlington. Mwezi wa Desemba mwaka 1886 alifukuzwa pamoja na wanafunzi wengine watatu, kwa sababu ya ghasia zilizofanywa na kundi la wanafunzi. Katika jambo lile Paul hakuwa na hatia, lakini sifa yake ya zamani ilimshuhudia vibaya, naye akaondoka bila kuwataja wenzake. Miaka ilipita, na mwaka 1933 chuo kile kile kikampa shahada ya heshima ya sheria. Yafaa vijana wetu wa shule walikumbuke jambo hili kwa pande zake mbili: kwamba sifa mbaya hukaa muda mrefu, na kwamba haidumu milele kwa mtu anayeendelea kujirekebisha.

Baada ya hapo alisoma katika chuo cha Princeton. Mwezi wa Machi mwaka 1888 babu yake alifariki, na Paul hakuendelea tena na masomo pale. Akaajiriwa kuwa mtumishi wa ofisi katika kampuni ya kuchimba mawe ya marumaru, kwa mshahara wa dola moja kwa siku. Alifanya kazi hiyo kwa bidii, kwa kuwa alijua kwamba mzee hakumwekea akiba ya masomo ili aichezee. Kisha akaenda magharibi, jimbo la Iowa, akajifunza sheria kwanza katika ofisi ya mawakili na halafu katika Chuo Kikuu cha Iowa. Alipata shahada yake ya sheria mwezi wa Juni mwaka 1891.

MIAKA MITANO YA KUTANGATANGA

Kila mtu alidhani kwamba sasa kijana huyu angefungua ofisi yake na kutulia. Yeye aliamua vingine. Alijiwekea muda wa miaka mitano azunguke duniani, ajue watu wanavyoishi, na baada ya hapo afanye makao yake Chicago. Alikuwa hana fedha, kwa hiyo ilimpasa afanye kazi kila alikofika.

Alifika San Francisco akawa mwandishi wa gazeti. Huko California alifanya kazi ya mikono katika mashamba ya matunda na katika kiwanda cha zabibu kavu, kisha akafundisha katika chuo cha biashara cha Los Angeles. Katika mji wa Denver aliigiza katika michezo ya jukwaani, halafu akawa mchunga ng'ombe. Katika jimbo la Florida alikuwa karani wa usiku katika hoteli, na baadaye akawa msafiri wa biashara akiuza mawe ya marumaru. Alivuka bahari kwenda Uingereza katika meli iliyobeba ng'ombe, akilala mahali pabaya na kula chakula kibaya pamoja na watu waliokata tamaa, naye akarudi na kwenda mara ya pili. Alichuma machungwa katika jimbo la Louisiana. Mwisho, mwenye biashara ya mawe alimtuma Ulaya kununua mali, akaziona Scotland, Italia na nchi nyingine.

Kwa hesabu ya mtu wa benki, miaka hiyo mitano ilikuwa hasara tupu. Lakini mtu aliyekaa na mchunga ng'ombe, na baharia, na karani, na mwenye shamba, akala nao na kuchoka nao, hawezi tena kuamini kwamba hekima yote imo katika kazi ya namna moja. Wazo la kuwakusanya pamoja watu wa kazi mbalimbali, kila mmoja akiwakilisha kazi yake, lilipandwa katika safari zile.

UPWEKE WA MJI MKUBWA

Mwezi wa Februari mwaka 1896 Paul Harris alifika Chicago, akafungua ofisi ya uwakili. Chicago ilikuwa mji uliokua kwa haraka sana. Kufikia mwaka 1900 ulikuwa na watu karibu milioni 1 na laki 7, waliotoka mashambani na katika nchi nyingi za Ulaya. Palikuwa na mali nyingi, na palikuwa na udanganyifu mwingi. Wakili kijana aliwaona wateja wake wakinyang'anywa na wenzao wa biashara waliowaamini.

Alipata kazi, akapata jina. Ila siku ya Jumapili na sikukuu alitembea peke yake katika bustani za mji, akipishana na maelfu ya watu asiyemjua hata mmoja. Wasomaji wetu waliofika Nairobi au Mombasa kwa mara ya kwanza, wakiwa na sanduku moja na barua ya ndugu asiyeonekana kituoni, hawahitaji kuelezwa upweke huo. Mtu huweza kulala njaa ya chakula akaamka. Njaa ya kukosa mtu wa kumwita kwa jina lako, hiyo humla mtu polepole.

Jioni moja ya mwaka 1900, wakili mwenziwe alimkaribisha chakula nyumbani kwake, katika kitongoji cha mji. Walipokwisha kula walitoka kunyosha miguu. Yule mwenyeji akawa anasimama katika kila duka, akimwamkia mwenye duka kwa jina lake na kumjulisha mgeni wake. Paul alikumbuka kijiji cha Wallingford. Akajiuliza kama katika mji ule mkubwa hawangepatikana watu wa kazi mbalimbali, waliotoka vijijini kama yeye, wanaohitaji kitu kile kile. Wazo hilo alikaa nalo kwa miaka mitano kabla ya kulitenda.

MKUTANO WA WATU WANNE

Siku ya Alhamisi, tarehe 23 Februari, 1905, Paul Harris alikula chakula cha jioni pamoja na rafiki yake Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa. Kisha wakaenda katika chumba namba 711 cha jengo lililoitwa Unity, barabara ya Dearborn, ofisini mwa Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi. Huko walimkuta Hiram Shorey, fundi mshonaji wa nguo. Watu wanne, ofisi ndogo, usiku wa baridi: huo ndio mkutano wa kwanza. Hapakuwa na bendera wala hotuba. Kila mmoja alieleza habari za maisha yake na kazi yake, na Harris akaeleza shauri lake.

Muda mfupi baadaye aliingia Harry Ruggles, mpiga chapa, ambaye alileta wengi. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kuimba pamoja, mkutano ulipopooza. Kwa kuwa walikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu na kesho ya yule, walichagua jina la Rotary, maana yake jambo linalozunguka. Alama yao ya kwanza ilikuwa gurudumu la gari la farasi, lililochorwa na mwanachama aliyekuwa fundi wa kuchonga nakshi.

Kanuni zao zilikuwa chache. Kila kazi ilitoa mtu mmoja tu: wakili mmoja, mwuza makaa mmoja, mshonaji mmoja. Waliitana kwa majina yao ya kwanza, na aliyesahau akamwita mwenziwe Bwana alitozwa faini. Asiyehudhuria mara kwa mara aliondolewa. Silvester Schiele alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kwanza, maana Harris hakupenda kushika kiti alichokitengeneza mwenyewe. Katika wale wanne wa kwanza, Loehr na Shorey hawakukaa sana katika chama. Ni jambo la kawaida, wala chama hakikufa kwa sababu hiyo.

SWALI LA BWANA CARTER

Sasa tumefika mahali palipotufanya tuiandike habari hii. Katika mwaka ule wa kwanza, chama kilikuwa na makusudi mawili tu: kuendeleza biashara za wanachama, na kuwapa furaha ya kukaa pamoja. Lile la kwanza lilifuatwa kwa bidii. Mwuza makaa alimpelekea mwanachama makaa, mshonaji akamshonea wakili, na palikuwa na mtu maalum aliyeandika nani amempa nani biashara, na ya kiasi gani. Ulikuwa ushirika mzuri wa kunufaishana, na wengi waliridhika nao.

Mwaka 1906 mwanachama mmoja, Frederick Tweed, alimwendea wakili aitwaye Donald Carter akamtaka ajiunge. Carter aliomba aonyeshwe kanuni. Alipozisoma akazirudisha, akakataa. Alisema kwamba chama kinachowafaa wanachama wake tu hakitadumu, na kwamba ni lazima kuwe na jambo ambalo mji mzima utapata faida yake. Tweed hakukasirika. Alimwambia kwamba, ikiwa anaona upungufu, na aingie aurekebishe. Carter akaingia, na mwaka ule ule kusudi la tatu likaongezwa katika kanuni: kuusaidia mji wa Chicago na kuamsha fahari ya wananchi wake.

Paul Harris alilikubali jambo hilo kwa moyo wote. Wako walioona kwamba anawaharibia chama chao kitamu. Walikuja kula, kuimba na kuuziana mali, na sasa wanaambiwa habari za mji. Harris alipokuwa mwenyekiti, kuanzia mwaka 1907, alisukuma mambo mawili pamoja, yaani utumishi kwa mji na kuanzisha vyama katika miji mingine, na pande zote mbili alipata upinzani. Mwaka 1908 aliacha uenyekiti, na Harry Ruggles akashika mahali pake. Hakukitoka chama, wala hakuunda kingine cha kushindana nacho. Aliendelea kukaa mezani na wale waliompinga.

CHOO CHA MJI

Kazi ya kwanza kubwa ya chama kwa ajili ya watu wote haikuwa ya kuvutia macho. Katikati ya Chicago hapakuwa na choo cha watu wote. Mwanamume aliyeshikwa na haja aliingia katika baa, na ilimpasa anunue kinywaji. Mwanamke aliingia katika duka kubwa, akaona haya kutoka bila kununua kitu. Chama cha Rotary kilikusanya wajumbe wa vyama vingine na wakuu wa mji, wakaomba vijengwe vyoo vya bure.

Mtu angedhani kwamba hapana awezaye kulipinga jambo hilo. Lakini wenye pombe walipinga, na wenye maduka makubwa wakapinga, kwa sababu haja za watu zilikuwa zikiwaletea wateja. Ilichukua kama miaka miwili ya mikutano, barua na kurudishwa nyuma, na mwaka 1909 choo kikafunguliwa karibu na jumba la halmashauri ya mji. Wanachama wetu waliowahi kufuatilia bomba la maji au taa ya njia kutoka ofisi moja hata nyingine watajua maana ya miaka hiyo miwili. Watajua pia kwamba mtu mmoja peke yake angalichoka mwezi wa kwanza.

KUENEA KWA VYAMA

Chama cha pili kilianzishwa San Francisco mwaka 1908. Kufikia mwezi wa Agosti mwaka 1910, vyama vilikuwa 16, na wajumbe wao wakakutana Chicago, wakafanya umoja wa vyama vya Marekani. Paul Harris akachaguliwa kuwa rais wa kwanza, na Chesley Perry akawa katibu. Perry alishika kazi hiyo hata mwaka 1942, na wote wanaoijua historia ya Rotary wakubali kwamba bila kalamu na daftari za katibu huyu, ndoto za Harris zingebaki ndoto. Katika chama chochote, mwenye wazo hutajwa sana, na mwenye daftari husahauliwa. Tusifanye hivyo katika chama chetu.

Kisha vyama vikavuka mpaka wa Marekani, vikafika Winnipeg katika nchi ya Kanada, na Dublin na London ng'ambo ya bahari. Mwaka 1912 Harris aliacha urais akapewa cheo cha heshima. Afya yake ilikuwa imedhoofika, na kwa miaka kadha hakuonekana sana mikutanoni. Mwaka 1921 chama cha kwanza cha bara la Afrika kilianzishwa Johannesburg, na mwaka 1930 kikaanzishwa chama cha Nairobi.

Kuanzia mwaka 1933 na kuendelea nguvu ya madikteta ilikua Ulaya. Mwaka 1937 vyama vya Rotary vya Ujerumani vilivunjwa, na mwaka 1938 vile vya Italia. Waliopenda vita hawakupenda meza ambapo watu wa dini na mataifa mbalimbali wanakaa pamoja.

NYUMBANI KWAKE

Harris alioa akiwa na umri wa miaka 42. Alipenda sana kutembea mashambani pamoja na watu wa klabu ya matembezi, na siku moja koti lake liliraruka katika uzio wa waya. Msichana mmoja wa Scotland, Jean Thomson, aliyezaliwa Edinburgh, alijitolea kulishona. Walioana mwezi wa Julai mwaka 1910. Mwaka 1912 walinunua nyumba kusini ya Chicago, juu ya kilima kilichomkumbusha Paul milima ya Vermont, wakaiita Comely Bank kwa jina la barabara ya Edinburgh ambako Jean alikulia. Hawakujaliwa mtoto. Badala yake nyumba yao ilikuwa na wageni siku zote, na ndege na wanyama wadogo wa bustani walilishwa kila asubuhi. Silvester Schiele, yule mwuza makaa, alikaa jirani yao, na urafiki wao haukuvunjika.

Afya iliporudi, Paul na Jean walisafiri nchi nyingi. Mwaka 1934 walifika Afrika ya Kusini, na mwaka uliofuata wakaenda Mashariki ya Mbali na Australia. Katika safari hizo Harris alikuwa na desturi ya kupanda mti katika kila mji, kuwa ukumbusho wa urafiki. Katika nchi yake aliongoza pia chama cha kuwasaidia watoto vilema, kazi iliyoanzishwa na mwanachama mwenziwe wa jimbo la Ohio, Edgar Allen, aliyefiwa na mwanawe katika ajali.

WALIOBAKI NJE YA MLANGO

Taarifa ya kweli haifichi upungufu. Meza ile iliyotengenezwa ili kuponya upweke haikuwa wazi kwa wote. Katika miji mingi ya Marekani mtu mweusi hakualikwa, ingawa Chicago yenyewe ilikuwa ikijaa watu weusi waliohama kutoka kusini, wapweke kuliko alivyokuwa wakili wa Vermont. Katika makoloni, vyama hivyo vilianza katika jamii zilizogawanywa kwa rangi, na mwananchi aliingia katika majumba yale akiwa amebeba sinia. Wanawake nao walizuiwa kwa kanuni. Ni baada ya hukumu ya mahakama kuu ya Marekani mwaka 1987 na uamuzi wa Baraza la Rotary mwaka 1989 ndipo mlango ulipofunguliwa kwao duniani kote.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kumhukumu mtu aliyekufa. Twayaandika kwa kuwa kanuni ile aliyoiingiza Bwana Carter mwaka 1906 haikuisha kazi siku ile. Kila kizazi kilipaswa kuuliza tena ni nani aliyeachwa nje, na mara nyingi kilichelewa kuuliza. Wakati huo Waafrika walijiundia vyama vyao wenyewe vya ustawi, wakachangishana shilingi kwa shilingi. Baadaye milango ilipofunguka, Waafrika waliingia wakaongoza pia. Mwaka 2003 Bwana Jonathan Majiyagbe wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika urais wa Rotary ya dunia.

MWISHO WAKE

Silvester Schiele alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1945. Paul Harris naye alifariki nyumbani kwake tarehe 27 Januari, 1947, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa karibu na rafiki yake katika makaburi ya Mount Hope. Wakati huo kulikuwa na vyama vya Rotary katika nchi zaidi ya 70. Bibi Jean alirudi Edinburgh baadaye, akafariki huko mwaka 1963.

Kabla ya kufa, Harris alikuwa amesema kwamba hataki mashada ya maua, na kwamba anayependa kumkumbuka na atoe mchango katika mfuko wa Rotary wa kazi za wema. Mfuko huo ulikuwa umeanza zamani na fedha kidogo sana. Baada ya kifo chake michango ikamiminika kutoka kila upande, hata ikapita dola milioni 1. Katika mwaka ule ule wa 1947 wanafunzi 18 walipewa fedha za kwenda kusoma katika nchi za kigeni. Mwaka 1985 vyama hivyo vilianza kazi ya kuondoa ugonjwa wa polio duniani. Akina mama wengi wa Kenya waliowapeleka watoto wao kupata matone ya chanjo hawakuwahi kulisikia jina la Harris, wala halikuwa jambo la lazima. Mwezi wa Agosti mwaka 2020 ilitangazwa kwamba virusi vya asili vya polio vimeondolewa katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani.

MANENO KWA WANACHAMA

Hayo ndiyo maisha ya mtu ambaye baba yake alifilisika, ambaye alifukuzwa chuoni, na ambaye alitembea peke yake Jumapili katika mji wa watu milioni na zaidi. Hakuwa tajiri, wala hakuwa msemaji mkubwa. Alijua jambo moja, kwamba mtu hawezi kukaa mjini kama jiwe katikati ya mawe mengine, na alifanya jambo moja juu yake.

Kuhusu yale mabishano yetu, Halmashauri haitaki kutumia kurasa hizi kuwaamulia wanachama. Shauri lenyewe litaletwa tena katika mkutano mkuu ujao, na kila mwenye kadi atapiga kura yake. Tunaomba tu kwamba, kabla ya siku hiyo, kila mmoja atafakari hali ya chama kile cha Chicago kama kingemjibu Bwana Carter kwamba fedha ni ya wanachama na mambo ya mji hayawahusu. Huenda kingeendelea miaka kumi, kikiuziana makaa na suti. Kisha wazee wangekufa mmoja mmoja, na daftari lingefungwa, na hapana mtu nje ya chumba kile ambaye angejua kwamba kitu kimepungua.

Lakini tusimsahau pia yule mwenye kusema kwamba mjane wa mwanachama asiachwe. Naye ana haki. Wale wa Chicago hawakuacha kusaidiana walipoanza kuusaidia mji. Waliliongeza kusudi la tatu, na yale mawili ya kwanza yakabaki katika kanuni. Mti huota mizizi kwanza, ndipo utoe kivuli. Na kivuli chake hakimwulizi mpita njia kama amelipa ada.